Bosi Aliyeogopa Kabati Lake

Jumatatu asubuhi bosi wangu alinipigia simu akaniomba niende nyumbani kwake nikamfungulie kabati la nguo.

Nikadhani limekwama. Nikamwambia amwite seremala.

"Halijakwama," akanong'ona. "Linafunguka vizuri tu. Hilo ndilo tatizo."

Jamani, huyu ni mwanaume mzima. Ana kitambi, ana kampuni, ana gari ambalo huruhusiwi kuingia na viatu vyenye vumbi. Na tangu Jumamosi alikuwa amevaa shati lile lile.

Nyuma yake nilimsikia mkewe anacheka mpaka anakohoa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa najua ndani ya lile kabati kuna nini, kwa sababu ni mimi niliyeandika. Au niseme ukweli, ni mimi niliyeandikishwa. Kaeni vizuri niwape mkasa wote.

Kazi yangu ni kuandika filamu. Nina shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu. Pembeni ya ualimu alikuwa anaandika vitabu vya kutisha vya watoto. Mfululizo mzima unaitwa Mgeni wa Kabatini.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mtoto yuko kitandani. Mara anasikia mtu anapiga hodi.

Hodi haitokei mlangoni. Inatokea ndani ya kabati.

Huyo ndiye Mgeni. Hajawahi kuonekana hata siku moja, kwenye kitabu chochote. Anataka kutoka, lakini hawezi kutoka mpaka akaribishwe. Mtoto akiteleza ulimi akasema "karibu," kwisha habari yake. Kwa hiyo anavuta shuka mpaka puani na kujibu kwa sauti:

"Bado!"

Na Mgeni, kwa kuwa naye ana adabu zake, anasubiri.

Kila kitabu anakuja na ujanja mpya. Mara anaiga sauti ya mwalimu, mara ya mama, mara anajifanya analia. Jibu ni lile lile. Bado!

Watoto walivisoma vitabu hivyo mpaka vikachanika. Kwenye viwanja vya shule ukawa mchezo: mmoja anajificha nyuma ya mlango anaita hodi, wenzake wanapiga ukelele "Badooo!" halafu wanatimua mbio huku wanacheka.

Mimi nilivisoma kwa raha zangu, maana kwetu hatukuwa na kabati. Baba hakulitaka kabisa. Nguo zetu zilining'inia kwenye misumari ukutani, za kwake, za mama na zetu sote, na ukimuuliza anakwambia kabati linafuga mende.

Baba alistaafu akiwa mkuu wa walinzi. Ukishamuuliza kitu mara moja, umemaliza.

Sasa, kampuni yetu ikataka kuvigeuza vile vitabu kuwa filamu. Nikatumwa mimi kwa Shangazi nikamwombe ruhusa. Nilikwenda nimejiandaa kumbembeleza. Wala hakunisumbua.

"Mimi sina makuu," alisema. "Nataka nikae ukumbini nisikie watoto wakipiga ukelele. Wote kwa pamoja. Halafu wacheke. Basi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndipo akaniambia habari za masikio. Sikio la kulia lilikuwa limeshakufa. La kushoto, daktari alikuwa amemwambia, lilikuwa linaondoka taratibu na hakuna dawa ya kulirudisha.

"Watoto ndio walioyaua masikio yangu darasani," akasema. "Basi na wanipe ukelele wa kuyafungia."

Nikamshika mkono nikamwahidi: Shangazi, utawasikia mpaka uombe pamba.

Maskini mimi. Nilikuwa siwajui watu wa filamu za familia.

Kikao cha kwanza tulikaa watu wanne. Mimi. Shangazi, ambaye aliwekwa pembeni na kikombe cha chai na kuitwa "mama wa hadithi." Bosi, ambaye ofisini tulimwita Bosi Familia kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila neno hilo. Na mshauri wa malezi aliyeajiriwa ili filamu isiwaumize watoto, mama mmoja mwenye miwani ya kamba ya shanga. Tulimwita Mama Malezi.

"Skripti nzuri sana," Bosi akaanza.

Ukisikia hivyo, jua umekwisha.

"Ila inatisha," akaendelea.

"Ni hadithi ya kutisha, bosi."

"Naelewa. Lakini iwe ya kutisha ambayo haitishi. Kutisha kwa familia."

Nikaandika. Nilikuwa na kalamu mkononi, ningefanyaje?

Mama Malezi akavaa miwani. Kabati jeusi, akasema, linaleta huzuni. Likapakwa rangi ya njano na kuchorwa maua. Mlango wa kabati ulikuwa unalia kwenye bawaba, nao akaukataa.

"Mlango ukilia hivyo, mtoto ataona baba wa nyumba hii hawajibiki."

Ukatiwa mafuta. Tangu siku hiyo ukawa unafunguka wenyewe kimya kimya, husikii chochote.

"Na huyu Mgeni mbona haonekani?" akauliza. "Mtoto asipomwona atawaza mabaya. Aonekane."

Fundi wa vinyago akafanya kazi yake, akaleta uso. Mama Malezi akautazama, akaomba maji ya kunywa.

"Uso unatisha. Uficheni."

"Sasa tubakishe nini?" fundi akauliza.

"Tabasamu. Watoto waone ana nia njema."

Kwa hiyo kwenye ufa wa mlango, ndani ya kabati la njano lenye maua, yakabaki meno peke yake. Yametabasamu.

Nilikuwa bado najikaza kisabuni. Nikajiambia, almradi "hodi" ipo na "bado" ipo, Shangazi atapata ukelele wake.

Kikao kilichofuata wakaifikia hodi.

"Hapa," alisema Mama Malezi huku anagonga karatasi kwa kidole, "mtu anapiga hodi kwa upole, na mtoto anamjibu bado. Bado! Tunafundisha nini hapa? Wewe ulilelewa hivyo? Mgeni anakaribishwa."

"Mama, huyo mgeni yumo kabatini."

"Popote alipo! Mgeni ni mgeni."

Bosi akapiga meza kwa furaha. "Nimepata! Tumgeuze. Asiwe mgeni tena, awe mwenyeji. Mtoto anasogea, mlango unafunguka, tabasamu, halafu sauti nzuri inamwambia, 'Karibu.'"

"Na mtoto anajibu nini?" nikauliza.

"Asante," akasema Mama Malezi. "Kisha anaingia."

Damu ilinichemka. Nikageuka kwa Shangazi. Chai ilikuwa imepoa mbele yake, na nilijua hajasikia nusu ya yale maneno. Nikainama kwenye sikio lake la kushoto nikapaza sauti.

"Shangazi, wanaitoa hodi! Wanataka aseme karibu!"

Akaacha kutafuna biskuti. "Aseme karibu?"

"Ndiyo!"

"Na neno la mtoto je?"

"Wamelifuta!"

Akanitazama weee. Mdomo ukamchezacheza kidogo. Nikangoja awake, maana huyu mama enzi zake alimtoa mkaguzi wa shule darasani kwa rula.

"Sawa tu," akasema. "Adabu ni kitu kizuri."

Nilihisi nimemwagiwa maji ya barafu. Nilimsindikiza hadi nyumbani. Nilimkasirikia, sifichi. Niliona uzee umemshinda, kwamba amewauza watoto wake wa vitabuni kwa kikombe cha chai na biskuti.

Kumbe haikuishia hapo. Bosi alipotangaza anatafuta sauti ya bibi mwema wa kusema hiyo "karibu," Shangazi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Nikampeleka studio. Fundi sauti akamvalisha vifaa vya masikioni, akamwonyesha kipaza sauti. Shangazi akafumba macho.

"Karibu."

Hakupaza wala hakunguruma. Aliisema taratibu, kwa upendo, neno moja tu.

Fundi sauti akavua vyake. Akageuka akatazama nyuma ya kiti chake, ambako hakukuwa na mtu.

"Mama, naomba urudie kidogo..." akaanza. Kisha akabadili mawazo. "Au basi. Usirudie. Inatosha kabisa."

Mimi nikadhani ana haraka ya kwenda kula.

Tukapiga picha, tukafika kwenye kuhariri. Kulikuwa na sehemu ndefu mtoto akiwa ndani ya kabati, anaimba na sungura na kunywa maziwa. Mama Malezi akaikataa.

"Mtoto anaingia nyumbani kwa mtu asiyemjua? Kateni."

"Mama, si wewe uliyesema aingie?"

"Aingie, lakini tusimwone akiwa ndani."

Ikakatwa. Baada ya mtoto kuingia kabatini ikaunganishwa moja kwa moja na familia inakunywa chai ya asubuhi na kucheka. Siku tuliyopiga hiyo chai, mtoto wetu mwigizaji alikuwa na mtihani shuleni, kwa hiyo kiti chake kilikuwa kitupu.

"Si wanacheka?" Bosi akasema. "Familia yenye furaha. Twende."

Yeye filamu yenyewe aliitazama kwenye simu, bila sauti, huku anakula chakula cha mchana. Akasema rangi zinavutia.

Jumamosi alasiri ikafika. Ukumbi ulijaa watoto mpaka kwenye ngazi, kila mmoja na bisi zake. Nilimkalisha Shangazi mwisho kabisa upande wa kulia, ukutani, ili sikio la kushoto liuelekee ukumbi mzima. Nikakaa mimi, kisha Baba, ambaye alikuja na koti lake la kustaafia na sura ya kukagua gwaride.

Filamu ikaanza. Aibu niliyoipata hapo, usipime.

Watoto walichoka mapema. Wengine wakawa wanatambaa chini ya viti. Mmoja nyuma yangu alimwomba mama yake waende nyumbani wakaoshe vyombo. Vyombo, jamani! Shangazi alikuwa ametega sikio na mkono umelikinga, anasubiri, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze na skripti yangu.

"Shangazi, nisamehe," nikamwambia. Hakunisikia.

Ndipo likatokea lile kabati la njano.

Mlango ukafunguka wenyewe. Kimya. Wale waliokuwa chini ya viti wakainua vichwa.

Kwenye ufa, meno. Yametabasamu.

"Karibu."

Baba aliacha kutafuna.

Kwenye skrini, mtoto akasema "Asante," akaingia. Mlango ukajifunga polepole nyuma yake.

Halafu familia inakunywa chai. Inacheka. Kiti kitupu. Hakuna anayeuliza.

Ukumbi mzima uliganda. Unajua kwa nini? Kila mtoto pale ndani alikuwa amezoea kwamba kilichomo kabatini ni mgeni, na mgeni unaweza kumzuia. Sasa amekuwa mwenyeji. Kama yeye ndiye mwenye nyumba, wewe unayelala chumba hicho ni nani? Na akishakwambia karibu, utamjibu nini?

Kisha ukaja ukelele.

Haki ya Mungu, sijawahi kusikia kitu kile. Ulianzia mbele ukaja mpaka nyuma, ukawachukua na wazazi. Bisi za Bosi ziliruka juu zikatua kichwani kwake. Mama Malezi alikuwa amejifunika mtandio, anauliza kila aliye karibu, "Nani ameandika hii? Nani ameandika hii?"

Nikajua nimekwisha. Watoto wanalia, akina mama wanatafuta viatu, na mimi jina langu linakuja mwishoni kwa herufi kubwa.

Likaja kabati la pili, la chumba cha wazazi. Mlango ukafunguka. Meno.

"Karibu."

Binti mmoja mdogo wa safu ya mbele, suruali yake imelowa soda na kujaa bisi, akapanda juu ya kiti.

"BADO!"

"BADO!" akaitikia mwingine. Mara upande wa kushoto. Mara ukumbi wote, watoto wamesimama juu ya viti, ngumi juu. Kila sauti iliposema karibu, ukumbi ulijibu mpaka kuta zikatetemeka, na baada ya kila jibu kikafuata kicheko, kile cha mtu aliyeponea chupuchupu. Hata mtoto wa kwenye filamu aliyekwisha kuingia walimgombeza kama mdogo wao: "Ungesema bado wewe!"

Nikamgeukia Shangazi. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta, mkono ulikuwa na kazi sikioni.

"Nawasikia," akasema. "Nawasikia wote."

Nililia na mimi. Sioni aibu kusema.

Nikageuka upande wa pili ili Baba naye aone. Kiti kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje, kwenye ukumbi mdogo wa kuuzia tiketi, ameegemea ukuta, koti limelowa jasho. Shangazi akaja nyuma yangu pole pole. Baba alipomwona, akaongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto wa mwisho.

"Dada, uliniahidi hutaisema tena vile."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanisimulia.

Walipokuwa wadogo walilala chumba kimoja, na kabati lilikuwa miguuni pa kitanda. Shangazi alimtungia mdogo wake hadithi. Na katika hadithi hiyo ya kwanza kabisa, kile kitu cha kabatini hakikuwa kinapiga hodi. Kilikuwa kinasema karibu, kwa sauti ile ile niliyoisikia studio.

Baba alihama kitanda. Akawa analala sakafuni mlangoni kwa bibi yetu, mpaka bibi akamwita Shangazi na kumwambia: uliyemharibu ni wewe, mtengeneze.

"Nikakaa nikawaza," Shangazi akasema. "Nikamwambia baba yako, nimekosea, huyu si mwenyeji, ni mgeni tu. Anapiga hodi. Na wewe una neno lako. Ukisema bado, hana la kufanya. Siku hiyo akarudi kitandani."

Akanipiga kofi dogo begani.

"Hodi ndiyo hadithi niliyoilainisha, mwanangu. Ninyi mmelainisha kitu kilichokwisha kulainishwa, mkanirudishia ile ya mwanzo."

"Kwa nini hukusema kikaoni?"

"Ningesema wangeacha."

Nikamtazama Baba. Nikaikumbuka ile misumari yote ukutani kwetu, tangu nipate akili.

"Kwa hiyo haikuwa mende," nikamwambia.

Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akajirudisha kuwa mkuu wa walinzi.

"Mende wapo pia," akajibu.

Basi, turudi Jumatatu. Nilifika kwa Bosi nikamkuta amesimama koridoni na shati lake la Jumamosi. Simu zake mbili zilikuwa zinaita bila kupumzika, shule zinataka tiketi. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshaongea redioni akisema hiyo "karibu" ilikuwa wazo lake mwenyewe.

"Nikifungua akasema karibu," akaniuliza, "nimjibu asante?"

"Bosi, usithubutu."

Nikamfundisha. Ilibidi arudie, maana mara ya kwanza ilitoka kama swali. Mkewe akaja kushuhudia na kikombe cha chai mkononi. Bosi akavuta pumzi, akashika kitasa.

"Bado!" akafoka.

Akafungua, akanyakua shati, akafunga kwa kishindo. Akanigeukia anatabasamu meno yote nje, na sitaficha, nilirudi nyuma hatua moja.

Sikio la kushoto la Shangazi limekwishaondoka sasa. Nikifika kwake napiga hodi kwa mazoea tu, kisha najiingilia. Juzi nilimkuta amenipa mgongo, anamenya chungwa dirishani. Nikamgusa bega.

Aliruka na chungwa lake, "BADO!" mpaka majirani wakachungulia. Tukacheka, akanikalisha, akanimenyea na mimi. Anasema ule ukelele wa Jumamosi bado anao kichwani, hauhitaji sikio.

Sasa wazazi wenzangu, na ninyi mabosi wa familia, nawaomba. Msihangaike kumtoa kila aliyemo kabatini, hamtammaliza. Mwachieni mtoto neno lake la kumjibu, atalala mwenyewe.

Mimi? Juzi mke wangu kanionyesha kabati zuri dukani, la milango miwili, halipigi kelele hata kidogo. Nikamwambia bado. Nimenunua misumari.